Kompyuta Mbili Marehemu

Bi Klipu aliamua kuolewa akiwa na miaka arobaini na saba, na mtaa mzima ukashika mdomo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Ni kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa amehudhuria harusi nyingi kuliko mtu yeyote, na zote alizihudhuria akiwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, kandambili miguuni, miwani puani, akikata na kuunganisha video za watu wengine. Alijua ni bibi harusi gani aliyelia kweli, na ni yupi aliyeyatafuta machozi asiyapate mpaka kamera ilipomgeukia. Alikuwa amewapunguzia hotuba wajomba wasiopungua mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugundua. Ukimuuliza yeye ataolewa lini, alikujibu kwamba sinema hiyo ameshaiona, akarudi kwenye kazi yake.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kukata video. Ilikuwa leseni. Mpigapicha yeyote ambaye programu yake ya kuhariri video imegoma asubuhi ya siku ya kukabidhi kazi alijua njia ya kwenda kwa Bi Klipu. Walifika na kompyuta zao kwapani, wakasimama mlangoni kama watu waliofiwa, naye kabla hata ya kuwaambia waketi aliwauliza maswali matatu, siku zote yale yale matatu. Tarehe na saa ya kompyuta viko sawa? Mtandao unapita? Na je, kabla ya kuifuta kompyuta na kuipanga upya, ulitoka kwanza kwenye akaunti ya leseni? Wengi walipona kwenye swali la kwanza, maana kompyuta inayodhani bado ni mwaka juzi haiwezi kuelewana na leseni iliyonunuliwa mwaka huu. Kwenye swali la tatu ndipo watu walipoanza kuangalia dari.

Aliwaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza. Leseni ina viti viwili. Kompyuta mbili zinakaa, ya tatu haina pa kukaa. Ukitaka kumkalisha mwingine, mwambie aliyekaa ainuke kwanza. Ukimfuta kabla hajainuka, yeye hayupo tena duniani, lakini kiti bado kina jina lake, na kampuni yenye programu, huko iliko, inaona kiti kina mtu. "Toka, ndipo ufute," aliwaambia. Watu waliondoka kwake wamepona na wamesemwa, yote kwa pamoja.

Sasa basi, mwanamke huyu aliyewasema watu namna hiyo ndiye aliyelifanya kosa hilo hilo siku tatu kabla ya harusi yake, na alilifanya huku anaimba.

Lawama zote zimwendee fundi bomba, bwana harusi mwenyewe. Alikuwa mgane wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mbele ya mtu mmoja aliongea vizuri tu. Mbele ya watu kumi ulimi ulimganda. Siku aliyotambulishwa kwa ndugu wa Bi Klipu alisimama akasema "Mimi", akafikiri kidogo, akasema tena "Mimi", kisha akaketi, na shemeji mmoja akapiga makofi kwa huruma. Kwa hiyo katika mipango yote ya harusi aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni ile sehemu ambayo bwana harusi hupewa kipaza sauti amwambie mkewe neno mbele ya wageni. Alipungua mwili kwa ajili ya sehemu hiyo.

Bi Klipu ndiye aliyeleta suluhisho. Asiseme ukumbini. Arekodiwe mapema, watu wataoneshwa video. Atakayemrekodi ni mdogo wake Bi Klipu, ambaye kwa kazi ni muuguzi lakini alikuwa ameshafundishwa kushika kamera na kukata mbili tatu. Na Bi Klipu mwenyewe aliapa kwamba hataiangalia video hiyo, hata kwa jicho moja, mpaka aione siku yenyewe pamoja na wageni.

Jumatano ya wiki ya harusi, furaha ikiwa imempanda kichwani, aliona haiwezekani kabisa aingie kwenye ndoa na kompyuta chafu. Alihamishia kazi zake zote kwenye diski ya nje, akaifuta kompyuta ikabaki tupu kama siku iliyotoka dukani, akaweka kila programu upya. Aliimba. Alicheza na ufagio. Hakutoka kwenye akaunti ya leseni. Wala hakugundua, kwa sababu programu ile hata bila leseni hukuruhusu kukata na kupanga utakavyo kwa siku saba. Ni pale unapotaka kuitoa video imekamilika, uichukue uende nayo, ndipo inapokuuliza wewe ni nani.

Fundi bomba alirekodiwa Alhamisi. Ilichukua saa mbili na vipande thelathini na viwili, picha kwenye kamera na sauti kwenye kinasa cha pembeni, maana kila baada ya maneno matatu aliomba maji. Alipomaliza alimpigia Bi Klipu simu, koo limemkauka pamoja na maji yote yale.

"Nimesema kitu humo ambacho siwezi kukisema tena," alimwambia. "Hata kwako. Hata tukiwa wawili tu. Kwa hiyo hiyo video, tafadhali, isipotee."

Bi Klipu aliweka simu chini akacheka peke yake jikoni mpaka sufuria ikaungua. Kitu gani? Alimuuliza mdogo wake kwa upole. Akamuuliza kwa ukali. Akamtishia kumkalisha meza ya nyuma, karibu na choo. Mdogo mtu alisema kiapo ni kiapo, na siku nzima ya Ijumaa alijifungia na ile kompyuta akikata vipande, na kila mara alisikika akicheka mwenyewe mle ndani, jambo ambalo lilimtia Bi Klipu wazimu.

Programu iliuliza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi. Harusi ilikuwa saa kumi.

Bi Klipu alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha plastiki, msusi nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mdogo wake alitokea mlangoni amevua vifaa vya masikioni.

"Dada, nimebonyeza kuitoa, inasema leseni haijawashwa. Nikiiwasha inasema kompyuta zimezidi."

Bi Klipu alijibu kwa mazoea bila hata kugeuka. Tarehe iko sawa? Iko sawa. Mtandao unapita? Unapita. Swali la tatu lilimfika kwenye ulimi likakaa hapo hapo. Msusi anasimulia mpaka leo kwamba aliona shingo ya bibi harusi ikilowa jasho ghafla, na kitana kikateleza mkononi mwake.

Aliinuka vile vile alivyo, nusu na nusu, akaenda chumba cha nyuma. Mlangoni alisimama akafunga macho. Kiapo kilikuwepo. Ilibidi mdogo wake achukue taulo la kuogea alitundike juu ya kioo cha kompyuta, akaacha pembe moja tu ya chini palipoandikwa habari za leseni. Bi Klipu aliketi mbele ya taulo lake mwenyewe akainamisha kichwa asome.

Akaunti ilionesha viti viwili, vyote vimekaliwa. Kwenye kiti cha kwanza kulikuwa na kompyuta ndogo iliyomwagikiwa chai mwaka uliopita ikafa bila kuaga. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na hii hii iliyofunikwa taulo, ila ile ya kabla ya Jumatano, ambayo kwa kampuni ilikuwa kompyuta nyingine kabisa. Kuziondoa mwenyewe kwenye mtandao iliwezekana, isipokuwa namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini ya simu aliyoiacha miaka mitatu nyuma. Alishusha pumzi. Kisha, kwa sababu hakuwa na la kufanya na mwili ulikuwa umejaa harusi, akaanza kucheka, na mdogo wake akacheka, na msusi akacheka bila kujua kinachochekwa.

Waliangalia njia nyingine. Kuonesha vile vipande thelathini na viwili vibichi haikuwezekana, maana sauti ilikuwa mbali na picha na kati yake kulikuwa na unywaji wa maji usio na mwisho. Wahariri wenzake wote walikuwa kwenye harusi za watu, ndiyo Jumamosi hiyo. Wawili hawakupokea simu. Wa tatu alipokea, akasikiliza, akacheka dakika nzima, akasema "Toka, ndipo ufute", akakata. Mdogo wake akanong'ona kwamba kuna jamaa mmoja pale kona anayeuza programu hiyo hiyo iliyovunjwa, haiulizi leseni wala nini.

"Programu ya wizi?" alisema Bi Klipu. "Siku ya harusi yangu?"

Ikabaki kupiga simu kwa wakala wa kampuni yenye programu, ambaye Jumamosi alifunga saa sita. Simu ililia, ikapokewa na muziki, na sauti ikamwambia yeye ni mtu wa kumi na nne kwenye foleni. Aliiweka simu mezani ipige kelele kwa wote. Msusi, mwanamke asiyependa kupoteza muda, alivuta kiti akaendelea kusuka pale pale. Kumi na mbili. Tisa. Mdogo mtu alileta chai, akakumbuka historia ya chai na kompyuta za nyumba ile, akairudisha jikoni. Saa tano ilipopita walikuwa watu wanne mbele. Bi Klipu alimfikiria fundi bomba, ambaye saa hiyo alikuwa kwa kinyozi akiamini kwamba maneno yake yako salama. Alitaka kuisikia video ile kuliko alivyotaka gauni, keki na maua vyote kwa pamoja. Alijisemea hivyo waziwazi, na msusi akamwambia atulize kichwa.

Saa tano na dakika ishirini na tano muziki ukakatika. Ilikuwa sauti ya mwanamke, rasmi, iliyochoka, inayosoma kutoka kwenye karatasi. Ilichukua jina na namba ya leseni.

"Naona kompyuta mbili zimewashwa kwenye leseni hii," ilisema. "Unaomba niondoe ipi?"

"Zote mbili, dada yangu. Zote ni marehemu."

Mhudumu aliuliza zimefariki lini, na ikasikika kabisa kwamba anaandika. Bi Klipu alieleza kwamba ya kwanza ilikunywa chai, na ya pili aliiua mwenyewe Jumatano. Mhudumu aliomba sababu, kwani kwenye fomu palikuwa na nafasi ya sababu. Bi Klipu alifikiri, akasema furaha. Mhudumu alisema hilo halimo kwenye orodha, ataandika "nyinginezo".

Lakini kuondoa zote mbili kwa mpigo kulihitaji swali la usalama, lile alilolijaza mwenyewe siku ya kununua leseni, miaka sita iliyopita. Nafasi tatu. Akikosa zote akaunti inajifunga mpaka Jumatatu.

"Mwenzi wako anaitwa nani?" alisoma mhudumu.

Bi Klipu alinyoosha mgongo. Aliyataja majina ya fundi bomba kwa fahari, yote matatu, mpaka la babu. Mhudumu alisema pole, siyo. Mdogo mtu alijipiga paji la uso, akamkumbusha dada yake kwamba miaka sita iliyopita fundi bomba hakuwa hata ameonekana mtaani. Kweli. Basi lazima aliandika "sina". Bi Klipu alisema "Sina". Pole, siyo. Imebaki nafasi moja.

Msusi aliacha kusuka. Hata feni, kwa maelezo ya mdogo mtu, ilionekana kupunguza mwendo. Bi Klipu alifumba macho akajirudisha kwenye siku ile. Alikuwa ameketi kiti hiki hiki, mvua inapiga bati, anajaza fomu ya leseni yake ya kwanza ya halali, amefurahi kama mtoto, mpaka alipofika kwenye swali hilo. Halikukubali kuachwa wazi. Alikumbuka namna lilivyomchoma. Alikumbuka pia kwamba alikaa nalo muda mrefu, kalamu mdomoni ingawa hakuwa akiandika kwa kalamu, halafu akaanza kucheka peke yake, akaandika upuuzi fulani ambao hakuna binadamu angeuona, akabonyeza, akasahau.

Alifungua macho. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Yuko njiani," alisema polepole.

Vidole vya mhudumu vilisikika vikigonga. Vikaacha.

"Ni sahihi," alisema mhudumu, na kwa mara ya kwanza hakuwa akisoma. "Dada, samahani, hili halimo kwenye karatasi yangu. Alifika?"

"Anafika leo saa kumi."

Upande wa pili wa simu mtu alicheka kwa sauti, cheko la kweli la mtu aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi, na wenzake wakasikika wakimuuliza kuna nini. Viti vyote viwili vilikuwa wazi kabla hajamaliza kucheka. Alimwambia Bi Klipu aingize ufunguo wa leseni yake sasa hivi akiwa bado kwenye simu. Mdogo mtu alisoma herufi na tarakimu ishirini na tano kutoka kwenye daftari, Bi Klipu akaziandika, akakosea moja, akafuta, akarudia. Pembe ya chini ya kioo, chini ya taulo, ikabadilika rangi. Imewashwa. Msusi alipiga kigelegele mpaka jirani akatokea dirishani kuuliza kama bwana harusi ameshafika.

Video ilichukua dakika arobaini kutoka. Ilitoka ikiwa chini ya taulo, na Bi Klipu alikaa akiipa mgongo, akisukwa ile nusu iliyobaki, kila dakika mbili akiuliza imefika asilimia ngapi. Kwenye asilimia themanini alisimama akazunguka chumba. Kwenye tisini na tisa ilikaa muda mrefu, kama zinavyokaa zote, naye aliyejua hilo kwa miaka kumi na tisa alishika mkono wa mdogo wake mpaka ukafa ganzi. Ilipokamilika waliinakili mara tatu kwenye vifaa vitatu, na kimoja Bi Klipu alikificha ndani ya kiatu cha harusi.

Saa kumi fundi bomba alifika. Ndoa ikafungwa, saini zikatiwa, watu wakala. Ulipofika wakati wa bwana harusi kusema neno, mshereheshaji hakumpa kipaza sauti, taa zikapunguzwa, na kwenye ukuta mweupe wa ukumbi akatokea fundi bomba mkubwa kuliko mlango, amevaa shati jeupe, glasi ya maji mkononi. Fundi bomba wa kweli, kwenye kiti karibu na Bi Klipu, alifunika uso kwa mikono yake miwili. Watu walikuwa kama mia mbili.

"Mke wangu," alisema yule wa ukutani. "Nina kosa la kuungama. Siku ya kwanza uliponiita, bomba la bafuni kwako lilikuwa linavuja. Nililitengeneza likapona kabisa. Halafu kabla sijatoka nikalegeza nati moja. Kidogo tu. Ili uniite tena."

Ukumbi ulilipuka. Wajomba walipiga meza. Yule wa ukutani alikunywa maji, kama vile aliwasubiri wanyamaze.

"Ukaniita. Nikaja, nikaikaza, nikaona aibu, mtu mzima mimi. Nikaapa sitarudia. Niliikaza kwa nguvu zangu zote. Wiki iliyofuata ukaniita, inavuja tena, nati ile ile. Miaka thelathini katika kazi hii, nati niliyoikaza mimi haijawahi kulegea. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Nikasema basi, hii si kazi yangu, ni ya Mungu. Ndiyo maana siku ile nilikuuliza kama naweza kuja hata bomba likiwa zima."

Taa ziliwashwa. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa vitambaa vya mezani, na hakuna aliyekuwa ametafuta kamera. Fundi bomba aliondoa mikono usoni taratibu, akamgeukia mkewe na sura ya mtu anayengoja hukumu. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama amemsamehe.

Bi Klipu alikuwa anacheka, analia, na hawezi kupumua. Alimwinamia sikioni.

"Ile ya pili ni mimi," alisema. "Niliazima spana kwa jirani."

Fundi bomba alimtazama. Alimtazama sana. Kisha akasimama, mrefu kuliko wote, akavuka sakafu kwa hatua tatu, akakitwaa kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, akawageukia watu mia mbili.

"Ni yeye," alisema, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. "Jamani, ni yeye aliyelegeza. Na mimi naomba kusema maneno machache."

Alisema dakika ishirini na mbili, na Bi Klipu hakutaka kupunguza hata moja.